Sauti Niliyompa Kondo

Mkalimani akiinuka kusema mahakamani, asafishe koo, asisafishe maneno. Ningeambiwa hivyo siku ya kwanza ningeokoa mambo mengi. Lakini sikuambiwa, au niliambiwa sikusikia, na sasa nimestaafu ndipo nawaambia nyinyi mnaoanza.

Nilifanya ukalimani Tabora zamani za Mwingereza. Mshtakiwa alisema Kiswahili au Kinyamwezi, hakimu alisema Kiingereza, na mimi nilisimama katikati. Nilizaliwa upande wa Usinge, baba yangu alikuwa mkulima, Kiingereza nilikipata misheni. Kilikuwa Kiingereza kizuri. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Feruzi, mtu wa mjini hasa, mkalimani tangu Waingereza walipoingia. Hakuwa na somo la kuandika. Alinisimamisha kando yake, nikikosea ananikanyaga mguu. Wiki ya kwanza shahidi mmoja alisema alimwona mwizi wa ng'ombe saa tatu. Nami nikamwambia hakimu saa tatu, nikaisema kwa Kiingereza vilevile ilivyo, nikasahau kwamba saa tatu yetu ya asubuhi kwa Mzungu ni saa tisa. Mwizi akawa ameiba ng'ombe alfajiri, giza totoro, na shahidi amemtambua hadi rangi ya kanzu. Hakimu akaanza kumtilia shaka shahidi. Mzee Feruzi akanikanyaga hata kiatu kikanitoka.

"Rekebisha sasa hivi," akaninong'oneza. "Kosa la mkalimani halilali. Likilala, linaamkia shingoni kwa mtu mwingine."

Nikarekebisha, jasho linanitoka. Hakimu akacheka, mambo yakaisha.

Mengine nilijifunza mwenyewe. Simama upande ambao sikio la shahidi ni zima, uliza kwanza ni lipi. Usinywe maji mengi asubuhi. Shahidi akisema "mimi", nawe sema "mimi", usiseme "anasema yeye", maana utachanganya watu watatu katika sentensi moja. Akinyamaza, nyamaza naye. Na watu wetu huonyesha mahali kwa mdomo: "pale" ni karibu, "kule" ni mbali kidogo, na "kuleee" mdomo ukiwa umechongoka ni mwendo wa nusu siku. Hilo karani hawezi kuliandika. Mimi nilikuwa nasema, "Shahidi amenyoosha mdomo kuelekea magharibi kwa muda mrefu." Mahakimu walizoea.

Mzee Feruzi alikuwa na sheria moja tu, nayo aliisema kila Jumatatu: usiongeze, usipunguze. Alikuwa ameshafariki wakati haya ninayotaka kuwaeleza yalipotokea, kwa hiyo hakukuwa na wa kunikanyaga.

Akaja hakimu mpya. Alikuwa kijana wa Kiingereza, mrefu, mpole, asiyepiga kelele. Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia chai. Nyumbani kwake kulikuwa na kabati zima la vitabu, na alipogundua kwamba napenda kusoma, akaanza kuniazima. Jumamosi mchana nilikwenda kumrudishia kimoja, tukakaa barazani kukizungumzia. Hakuna Mzungu aliyewahi kunikalisha kitini namna ile. Sitaki kudanganya, nilijiona mtu.

Vitabu alivyovipenda ni tamthilia za huzuni za kwao, zile ambazo wanafunzi wa leo wanaziita tanzia. Siku hizo mimi sikuwa na neno hilo. Alinieleza polepole, kalamu mkononi, kama anayehukumu kesi.

"Mtu wa hadithi hizi si mbaya," alisema. "Angekuwa mbaya tungefurahi akianguka. Ni mwema, ni mkubwa, ana kasoro moja. Na mara nyingi kasoro hiyo ndiyo iliyompandisha. Anatenda kosa kwa mkono wake, kisha analijua, na wakati wa kulijua anakuwa ameshachelewa."

"Na hakuna wa kumzuia?"

"Hakuna. Anasimama peke yake. Uzuri wake uko hapo."

Nilivisoma vitabu vile, vikaniingia. Wafalme, majemadari, watoto wa wakubwa, wote wanakwenda shimoni kwa miguu yao wakisema maneno mazuri ajabu. Kuna kurasa nilizisoma kwa sauti chumbani mpaka mke wangu Kalunde akaniuliza kama naumwa. Lakini jambo moja lilinitatiza, na Jumamosi moja nikamuuliza hakimu.

"Bwana, majirani wa huyu mfalme walikuwa wapi?"

"Majirani hawamo."

"Mtu amefiwa na mke na mtoto, nyumba haina mgeni hata mmoja?"

Akacheka kwa upole, akasema nimeuliza swali zuri, kisha akaendelea na mambo mengine. Nilitaka kumweleza kuhusu watani wetu. Nilitaka kumwambia kwamba kwetu msiba hauachwi ukae peke yake, kwamba kuna watu ambao kazi yao ni kuja kuuvuruga. Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi, walibeba pembe kutoka huku hadi pwani, na njiani walipita nchi za watu. Waliogombana nao mwisho wakapatana, wakawa wanauguzana na kuzikana, na utani ukazaliwa hapo. Mtani akija msibani anakuwa na ruhusa ambayo ndugu hana. Atamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea. Atalala ndani ya kaburi akatae kutoka mpaka apewe haki yake. Atatukana, na wafiwa watacheka huku wanalia, na hapo ndipo watakapoweza kula.

Nilitaka kusema yote hayo. Nikaona haya. Baraza lile, vitabu vile, chai katika vikombe vyembamba. Watani wakaonekana kwangu ni washamba. Nikanywa chai yangu.

Sasa Kondo. Kondo alikuwa Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi ya reli, mnyapara wa genge la kukarabati njia, mfupi, mnene, sauti ya kuita treni irudi. Wazaramo ni watani wetu. Mimi hakuwahi kuniita kwa jina langu, aliniita "mpagazi", nami nilimwambia arudi kwao akahesabu nazi. Katika genge lake alikuwapo Mnyamwezi mmoja, Maganga, na hao wawili walikuwa hawaachani. Jumapili moja Maganga alikula ugali nyumbani kwa Kondo. Usiku tumbo likamshika, siku ya tatu akafa. Tumbo hilo lilikuwa likimsumbua siku nyingi, mtaa mzima ulijua.

Mazikoni Kondo akafanya kazi yake. Alijifunga kanga ya mjane kiunoni, akaruka kaburini, akajilaza. Maneno aliyosema ni haya, na nayarudia kama alivyoyasema:

"Nimemuua mimi! Nimemlisha ugali wangu, tumbo la mpagazi likashindwa! Mwacheni alale. Maisha yake yote amebeba, leo abebwe yeye. Nani mwingine ana njaa? Kesho kwangu kuna ugali!"

Pale kaburini alikuwapo askari polisi aliyehamishiwa Tabora mwezi ule, mtu wa kutoka nje ya mipaka ya Tanganyika, ambako inaonekana watu hawazikani namna hiyo. Akayaandika maneno yote katika daftari lake. Kesho yake Kondo akakamatwa kwa kumwua Maganga kwa sumu.

Sisi tulicheka. Tulidhani atatoka siku hiyohiyo. Zikapita wiki tatu, Kondo yumo rumande, kisha kesi ikaja mbele ya hakimu wangu. Ilikuwa ya uchunguzi wa kwanza: hakimu akiona kuna jambo, atampeleka mshtakiwa kwa jaji anayekuja kwa gari moshi, na jaji ana kamba. Nilijua hivyo kuliko mtu yeyote chumbani mle.

Askari alisoma daftari lake, nikatafsiri. Mjane wa Maganga, Nyamizi, akaitwa. Aliulizwa jambo moja tu: je, maneno haya uliyasikia? Akajibu, "Ndiyo, aliyasema, mimi nilikuwapo." Akaambiwa ashuke. Hakuna aliyemwuliza zaidi, naye hakuwa mtu wa kusema asichoulizwa.

Kisha Kondo akasimama kizimbani. Alikuwa amekonda, lakini aliponiona akanikonyeza.

"Ulisema maneno haya?" hakimu akauliza, nikatafsiri.

"Nilisema," Kondo akajibu. "Na mengine zaidi. Huyu askari mazuri yote ameyasahau."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akapiga meza, uso umemwiva. Nikamwonea aibu, au nilijionea aibu mwenyewe, sijui. Nikafungua mdomo na kwa Kiingereza changu kizuri nikasema: "Niliyasema hayo, na mengi kupita hayo." Basi. Askari na mazuri yake nikawaacha nje.

"Kwa nini uliyasema?"

"Ala! Alikuwa mtani wangu, Bwana. Nisiposema mimi atasema nani? Azikwe bure kama mbuzi?"

Kiingereza hakina mtani. Ilinipasa nisimame niseme, Mheshimiwa, kuna neno hapa sina la kulibadilisha, naomba nilieleze. Mzee Feruzi angefanya hivyo hata kama ingechukua asubuhi nzima. Mimi nilikuwa na kurasa za Jumamosi kichwani. Nikashusha sauti, nikasema polepole: "Alikuwa rafiki wa moyo wangu. Nisingeyasema mimi, ni nani angeyasema?" Mbuzi sikumtaja. Hakupatana na sentensi.

Hakimu aliweka kalamu chini, akamtazama Kondo kwa namna ambayo sijaisahau, kwa heshima kabisa. Akasema uamuzi atausoma kesho asubuhi.

Kondo alipokuwa akitolewa alipita karibu yangu. "Maneno yangu yamefika, mpagazi?"

"Yamefika," nikamwambia.

Ofisini hakimu akanisimamisha. "Umemsikia?" akasema. "Hakukana hata neno moja. Alimpenda, akamwua, na anasimama kulisema. Nimesoma watu wa namna hii tangu utotoni, sikutegemea kumwona mmoja kwa macho yangu, hapa." Kisha akaniambia nimetafsiri vizuri kuliko siku zote. Nami nilikwenda nyumbani, mtaa wa Isevya, kifua mbele. Nawaambieni ukweli ili mnielewe: sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilikuwa na furaha ya fundi aliyemaliza mlango.

Kalunde alikuwa uani anaanika michembe, vile vipande vya viazi vya kukausha. Nikamwambia Kondo amesimama kizimbani leo, na hakimu ameguswa. Akataka kujua alisema nini. Nikasimama wima, nikamrudishia kwa Kiswahili yale niliyoyasema kwa Kiingereza, na sauti ileile.

Kalunde alicheka mpaka akakaa chini, ungo umelala magotini. "Kondo? Kwa sauti hiyo ya padri?" Akafuta machozi. "Kondo yupi? Mimi nilikuwapo makaburini." Akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akatoa tumbo mbele, akamwigiza Kondo akiruka kaburini, na maneno yote, mpaka jirani akachungulia ukutani naye akaanza kucheka.

Mimi sikucheka. Nilimwona Kondo wa kweli pale uani, na nikamwona yule niliyempeleka mahakamani, na nikajua ni yupi atakayenyongwa. Nikakaa juu ya michembe.

"Kalunde," nikasema, "nimemuua mtu."

"Acha utani," akasema, kisha akaniona uso, akaacha kucheka. Nilipomaliza kumweleza hakunipigia kelele. Akaniuliza, "Hayo uliyoyaacha, yako wapi sasa?"

"Ninayo."

"Basi yapeleke."

Mtasema ni rahisi. Mkalimani amekula kiapo. Kusimama na kusema nilipunguza ni kusema nilivunja kiapo, na aliyevunja kiapo anafukuzwa, pengine anafungwa. Niliwaza habari ya kazi yangu, na nyumba, na baba yangu Usinge aliyekuwa akiwaambia watu mwanawe anasema kwa niaba ya Serikali. Niliwaza pia kunyamaza, tena si kwa dakika moja.

Asubuhi nilimkuta hakimu ofisini mapema, karatasi ya uamuzi imeshaandikwa mbele yake. Nikamwambia nikiwa nimesimama.

"Maneno gani uliyaacha?" akauliza.

Nikamtajia yote. Askari aliyesahau mazuri. Mtani. Mbuzi.

"Kwa nini?"

"Hayakufanana na vitabu, Bwana."

Alikaa kimya muda mrefu, nami nikanyamaza naye, kama kazi inavyotaka. Kisha nikasema, "Naomba mjane aitwe tena, aulizwe swali moja. Mshtakiwa aliposema maneno yale, yeye alifanya nini?"

Nyamizi akaitwa, akasimama palepale, akaulizwa swali hilo. Alimtazama hakimu kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa maji yana kazi gani.

"Nilicheka," akasema. "Nilikuwa sijacheka wala kula tangu Maganga aanze kuugua. Nikacheka, nikapata kulia vizuri. Kisha nikampa Kondo jogoo, ni haki yake. Bila Kondo mimi ningemfuata mume wangu." Akageuka kumtazama Kondo. "Na hata sasa mnanicheleweshea matanga. Mwacheni aje amalize kazi."

Safari hii nilitafsiri kila neno, na jogoo wake. Ilichukua asubuhi nzima kueleza mtani ni nani. Kabla ya adhuhuri hakimu alichana ile karatasi, akasema hakuna kesi. Watu wakapiga vigelegele nje. Yeye alibaki kitini akikusanya kalamu zake, na nilipopita akasema, si kwa hasira, "Kwa hiyo hapakuwa na kitu." Nadhani alisikitika kidogo. Mtu ameokoka kamba, naye amepoteza hadithi. Simlaumu, mimi ndiye niliyemwuzia.

Hakunifunga. Alinitoa mahakamani miezi sita, mji mzima ukajua ni kwa nini, nikawa naandika bahasha, na vitabu vikakoma. Baadaye alihamishwa, mimi nikarudishwa kazini, na tangu hapo hakimu akitoa machozi au akipiga miayo haikunihusu. Nilibeba mzigo ulivyofungwa.

Ningeweza kuishia hapa, mngeondoka mkidhani kosa lilirekebishwa. Mimi pia nilidhani hivyo.

Kondo alirudi kwenye genge lake. Tulisalimiana, tukaulizana habari. Ilinichukua muda kutambua kwamba haniiti tena mpagazi. Aliniita "Bwana Mkalimani", na jina langu. Matanga ya Maganga hakwenda kuyamaliza. Katika misiba mingine ya Wanyamwezi alikuja, akakaa kwenye mkeka pamoja na wageni, akanywa chai, akaondoka. Watu walisema amechoka kwa rumande, atazoea.

Miaka michache kabla ya uhuru homa ilimchukua Kalunde kwa siku nne. Nyumba ilijaa watu. Nilikaa ukutani, sioni, sisikii, chakula wananiwekea naona udongo. Nakumbuka jambo moja tu nililokuwa nikilingoja. Kila mlango ulipoguswa niliinua kichwa nione kama ni Kondo. Nilitaka aingie na ile sauti, ajifunge kanga ya Kalunde, anikumbushe jinsi mke wangu alivyokuwa akitembea kama anawahi soko, anitukane mimi na vitabu vyangu. Nilitaka kucheka ili nilie.

Akaja. Alivua viatu mlangoni, akavipanga. Akanikaribia, akanipa mkono, akasema polepole, sauti imeshuka, kila neno mahali pake:

"Pole sana, ndugu yangu. Kazi ya Mungu."

Niliitambua sauti ile. Ni ile niliyompa mahakamani.

"Kondo," nikamwambia, "sema basi. Ni mimi. Sema chochote."

Akatazama watu waliokaa, mmoja mmoja, na mlango. "Siku hizi, Bwana Mkalimani," akasema, "sijui nikisema yatafika yakiwa yapi."

Akakaa kwenye mkeka. Makaburini alishika sepeto kama wengine, akajaza udongo, akafuta mikono. Hakuna aliyeruka kaburini, hakuna aliyedai jogoo. Tulimzika Kalunde kimya, vizuri kabisa, kama wanavyozikana watu wa vitabu vile.